Dundumio Dhaifu: Nile Nini, au Nile Lini?

Dundumio ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Hutoa homoni zinazoongoza kasi ambayo mwili hutumia chakula na kuzalisha joto. Linapozembea, mtu huchoka bila ya kazi, huhisi baridi, ngozi yake hukauka na choo huwa kigumu. Mjini Lodwar, ambako joto la mchana hufikia nyuzi 35 na zaidi, anayejitanda shuka saa saba mchana huenda akadhaniwa kuwa ana malaria tu.

Akishapimwa damu na kuandikiwa dawa, mgonjwa huuliza: nile nini? Makala haya yanashikilia kwamba swali lenye uzito zaidi ni: nile lini?

Dawa hiyo, levothairoksini, ni homoni ileile ambayo dundumio limeshindwa kuitoa. Humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Lakini asubuhi ya Turkana huanza kwa chai ya maziwa, au maziwa yenyewe, ya mbuzi au ya ngamia. Kalsiamu iliyomo hushikamana na dawa ikaizuia kufyonzwa. Kahawa ambayo Wahabeshi wa Kakuma huitengeneza kwa ustadi nayo huipunguza nguvu, na vivyo hivyo uji wa unga wa mahindi na soya.

Anayetia wasiwasi zaidi ni mjamzito. Katika miezi ya mwanzo, ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama, na mahitaji yake ya dawa hupanda. Wakati huohuo hupewa vidonge vya madini ya chuma, ambavyo yafaa vitenganishwe na levothairoksini kwa saa 4. Akivimeza vyote pamoja kwa chai, vipimo vitaonyesha dawa haitoshi, naye ataongezewa kipimo, kumbe kosa li kikombeni.

Sasa chumvi. Sheria ya Kenya huagiza itiwe iodini, ambayo dundumio huihitaji kuundia homoni. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku. Watanzania huiita madini joto, jina linalopotosha kidogo, kwani joto ndilo linaloipunguza. Chumvi na ifunikwe, iwekwe mbali na jua, itiwe chunguni mwishoni. Hata hivyo, kuizidisha hakuliponyi dundumio lililokwisha kudhurika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu wakimbizi wa muda mrefu barani Afrika ulikuta iodini iliyopita kiasi katika kambi kadhaa, na ziada hiyo nayo huweza kulivuruga dundumio.

Kabichi na sukuma wiki zimesingiziwa mengi; zikipikwa na kuliwa kwa kiasi, hazina neno. Muhogo wa Wakongo uloweshwe na kuiva vyema. Samaki wa Ziwa Turkana na aliwe bila ya hofu.

Ambaye hawezi kuiahirisha chai ya asubuhi, maana hunywewa pamoja na jamaa, amwulize daktari kuhusu kumeza dawa usiku, saa 3 baada ya mlo wa mwisho. Na vidonge avihifadhi kivulini, pahali pa baridi kuliko pote nyumbani, si juu ya bati wala karibu na jiko.