Kuzaa Baada ya Kutibiwa Kansa ya Titi

Mama ametibiwa kansa ya titi Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Amepata nafuu. Bado ni kijana, naye anataka mtoto. Wakwe wanauliza mjukuu. Jirani anamwambia, "Ukishika mimba ugonjwa utarudi." Je, ni kweli?

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi nyingi. Wanawake zaidi ya 500 walikuwa wakimeza vidonge vya kuzuia kansa kurudi. Walivimeza kwa miezi 18 hadi 30, kisha wakaviacha kwa muda ili wazae. Wanawake 317 walizaa watoto hai. Kwa miaka mitatu hivi, ugonjwa haukuwarudia zaidi ya wenzao ambao hawakuviacha. Basi inaonekana mimba yenyewe haiiti kansa. Lakini miaka mitatu si mingi. Kansa ya namna hii yaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Kwa hiyo walishauriwa kurudia vidonge baadaye.

Wanawake hao waliacha dawa chini ya uangalizi wa daktari. Hapo ndipo penye hatari kwetu vijijini. Mama anaona mkwe ananung'unika, anaacha vidonge kwa siri. Asifanye hivyo! Pia tamoksifeni yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ni lazima dawa iishe mwilini kwanza, na hilo huchukua miezi kadhaa. Daktari ndiye atakayetaja muda. Madaktari wengi hushauri kungoja kama miaka miwili baada ya matibabu.

Dawa za mshipani huweza kukatisha hedhi. Kwa wengine hurudi, kwa wengine hairudi. Hata hivyo, kukosa hedhi si kinga ya mimba. Wakati wa kungoja tumieni kondomu, au kitanzi kisicho na homoni. Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango havimfai mama huyu.

Titi moja lenye afya laweza kumtosha mtoto kwa maziwa. Ila mama akirudia tamoksifeni asinyonyeshe.

Wako pia wanaoamua kutozaa tena. Wana haki yao, nasi tusiwaseme kisimani.

Baba, siku ya kumwona daktari nenda na mkeo. Chukueni kadi ya matibabu. Na mama ambaye hajaanza dawa aseme mapema kwamba bado anataka mtoto, ili daktari alifikirie hilo anapopanga matibabu.