Sindano kavu na ganzi ya mikono ya wasukaji vyondo

MSUKAJI wa vyondo wa Kitui au Makueni husokota nyuzi za mkonge juu ya paja, kisha huzipitisha moja moja kwa ncha za vidole kwa saa nyingi. Asubuhi hiyohiyo huenda alikuwa ameshika jembe. Si ajabu basi akiamka usiku wa manane na kukung'uta mkono uliokufa ganzi.

Wengi hudhani ni baridi yabisi. Lakini ganzi inayoshika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, ikakiacha kidole cha mwisho kikiwa kizima, ina chanzo kingine. Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba, mifupa ikiwa upande mmoja na utando mgumu upande wa pili. Humo hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja. Nafasi ikipungua, neva hubanwa. Ujauzito na kisukari huongeza hatari, na wanawake huugua zaidi ya wanaume.

Baadhi ya wataalamu wa tiba ya viungo hutumia sindano kavu. Huitwa hivyo kwa kuwa haina dawa: ni sindano nyembamba isiyo na tundu, inayodungwa kwenye misuli iliyokaza ili ilegee. Tafiti kuhusu ugonjwa huu ni chache na ndogo. Baadhi zimeonyesha nafuu ya muda. Misuli hulegea, ila utando unaobana neva hubaki palepale.

Anayetaka kuijaribu na ahakikishe kwamba mhudumu amesajiliwa na baraza la taaluma hiyo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na kwamba sindano mpya imefunguliwa mbele yake. (Kudungwa na mtu wa sokoni mwenye mkoba ni kujitafutia balaa.)

Hatua ya kwanza ingali ile ya zamani, nayo si ghali: kulala kifundo kikiwa kimefungwa kwa kifaa kinachokizuia kisikunjike, kwa wiki kadhaa. Isipofaa, kuna sindano yenye dawa ya kupunguza uvimbe, na hatimaye upasuaji mdogo wa kuukata utando huo.

La kuogofya ni nyama ya chini ya kidole gumba kuanza kunywea, na uzi kuponyoka vidoleni bila mwenyewe kuhisi. Hapo sindano kavu za wiki baada ya wiki ni kupoteza wakati, kwani neva iliyobanwa mno huenda isirejee hali yake hata baada ya upasuaji. Mgonjwa huyo na aende hospitali ya rufaa ya kaunti, mjini Kitui au Wote, aonwe na daktari.