Deni la Kale na Mdai Mpya

Miongoni mwa mambo yanayozikosesha usingizi nyumba nyingi za mwambao wetu siku hizi ni simu inayodai deni ambalo mwenyewe alikwisha kulisahau. Mama aliyekopa miaka mingi iliyopita ili aongeze bidhaa dukani, biashara ikaanguka na malipo yakasita, hushtukia anapigiwa na kampuni asiyoijua. Huambiwa kwamba deni lake limeuzwa, kwamba elfu 30 alizobakisha zimekuwa elfu 90, na kwamba asipolipa kabla ya magharibi madalali watafika mlangoni. Wapo wanaolipa papo hapo kwa hofu, kwa pesa za karo au za posho ya nyumba. Wapo wanaozima simu na kuwaficha waume na watoto wao. Njia zote mbili zina madhara, na ndiyo sababu tumeona vyema tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

Tuanze na lililo kubwa. Katika dini yetu deni ni haki ya mtu iliyo shingoni mwa mtu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni asiache cha kulilipia, aliwaambia masahaba wamsalie mwenzao, naye hakumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Haki hiyo haizeeki. Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa katika dola ya Kiothmani kuanzia mwaka 1869, ulitamka katika kifungu cha 1674 kwamba haki haianguki kwa kupita muda, ingawa ulimwekea kadhi mpaka wa miaka ambayo baada yake hasikilizi dai.

Sheria ya Kenya nayo ina mpaka wake. Dai la mkopo wa kawaida, usiokuwa na hukumu ya mahakama, hufunguliwa kesi ndani ya miaka 6 tangu siku malipo yalipopaswa kufanyika yasifanyike. Lakini mdaiwa akiandika na kutia sahihi kwamba anadaiwa, au akilipa sehemu ya deni, hesabu ya miaka huanza upya. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Huombwa watume japo shilingi 200 "kuonyesha nia njema", na kwa shilingi hizo dai lililokaribia kufungiwa mlango wa mahakama hupewa uhai mpya. Ikiwa hukumu ilikwisha kutolewa, muda wa kuitekeleza ni miaka 12.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa au kuandika chochote, yatupasa kuuliza. Je, anayepiga simu ni wakala wa aliyekopesha, au amelinunua deni lenyewe? Mwambie alete barua ya mkopeshaji wa asili inayothibitisha hayo, pamoja na hesabu inayotenganisha kiasi kilichokopwa, riba, faini na tarehe ya malipo ya mwisho. Mpigie pia mkopeshaji wa kwanza kwa nambari unayoipata ofisini kwake, si ile uliyotumiwa na mdai. Usitume pesa kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi, kwani matapeli nao wameujua mlango huu. Kila mmoja wetu ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB mara moja kwa mwaka bila malipo. Humo ataona kilichoandikwa kwa jina lake na nani aliyekiandika.

Hesabu ikifika, isomeni pamoja nyumbani. Kwa mikopo ya benki iliyoacha kulipwa, sheria hairuhusu riba izidi kiasi cha deni lililobaki siku mkopo ulipohesabiwa kuwa mbovu, ukiacha gharama za kufuatilia deni. Aliyebakisha elfu 30 benki, akidaiwa elfu 90, ana haki ya kuuliza ziada hiyo imetoka wapi.

Yafaa pia tujue mipaka ya mdai. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa mikopo ya simu kutisha, kutukana, au kuwapigia jamaa na marafiki waliomo katika simu ya mdaiwa ilhali si wadhamini wake. Anayetangaza deni lako kwa watu anaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Dalali naye haji kuchukua vyombo vya nyumba kwa sababu ya simu tu. Huhitaji leseni na amri ya mahakama, isipokuwa mali hiyo uliiweka dhamana kwa maandishi. Lakini ukiletewa wito wa mahakama, hata ile ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, usiuweke mtoni mwa kitanda. Jibu katika muda ulioandikwa na useme kama miaka 6 imepita, kwani asiyejibu huweza kuhukumiwa hali hayupo.

Sasa, je, Muislamu ajifiche nyuma ya miaka 6? Sisi twaona kwamba mpaka huo humwondolea hofu, lakini haumwondolei deni. Aliyeula mkopo na akawa na uwezo, alipe haki ya mwenziwe hata kama hakuna hakimu wa kumlazimisha. Kuhusu riba, Sura ya Al-Baqara, aya ya 279, inamrudishia mkopeshaji rasilimali yake pasi na dhuluma kwa yeyote. Basi ni halali kwetu kuomba riba na faini zifutwe. Maulamaa walio wengi hawakubali kuuza deni la fedha kwa mtu mwingine kwa bei pungufu. Hata hivyo kosa la waliouziana halifuti lililo juu ya mkopaji. Na kwa kuwa mnunuzi aghalabu hutoa kiasi kidogo kuliko deni, mara nyingi anayo nafasi ya kupatana.

Mapatano ni sunna. Ka'b bin Malik alipokuwa akimdai Ibn Abi Hadrad msikitini hadi sauti zikapanda, Mtume (S.A.W.) alimwashiria Ka'b asamehe nusu, kisha akamwamuru mdaiwa ainuke alipe iliyobaki. Nanyi mkipatana, pateni kwanza barua inayosema kwamba kiasi hicho kikilipwa deni limekwisha na CRB itaarifiwa. Ndipo mlipe, na risiti muihifadhi. Asiye na uwezo asiahidi asichoweza: aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaagiza aliye katika dhiki apewe muda.

Neno la mwisho ni kwa akina mama. Deni la mume si deni la mke, ila kama mke alitia sahihi ya udhamini. Akifariki mume, deni lake hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, kabla ya warithi kugawana. Mjane halazimiki kulilipa kwa mahari yake wala kwa dhahabu yake. Katika vikundi vya akina mama hali ni nyingine, kwani wengi hudhaminiana, na sahihi ya kikundi humfunga kila mmoja.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee, lakini hawakusema mtu alipe peke yake gizani. Wadaiwa waliolemewa ni mojawapo ya makundi 8 yanayostahiki zaka. Tunawaomba wenye kutoa, na kamati za misikiti yetu, wawakumbuke mwaka huu.