Dawa ya Bibi Kizee

Zamani katika Uingereza watu wengi walipatwa na ugonjwa wa kuvimba maji. Huvimba miguu, kisha tumbo, hata mgonjwa asiweze kulala chali kwa kukosa pumzi. Matabibu waliudhani uvimbe wenyewe kuwa ndio ugonjwa. Kumbe mara nyingi asili yake ni moyo uliodhoofika, usioweza kuisukuma damu ipasavyo. Waliwatoa wagonjwa damu na kuwapa dawa za kuharisha, nao wakazidi kudhoofika.

Mwaka 1775 tabibu William Withering aliulizwa habari za dawa ya bibi kizee mmoja wa Shropshire, aliyeificha siri yake miaka mingi. Ilikuwa na majani ya namna 20 au zaidi. Withering, aliyekuwa hodari wa elimu ya mimea, alitambua kwamba nguvu imo katika mmea mmoja tu, dijitali, ambao maua yake ni mfano wa vifuniko vya vidole.

Lakini mmea huo ni sumu. Kipimo kikizidi kidogo mgonjwa hutapika, huona vitu kuwa vya manjano, na moyo huweza kusimama. Basi alijaribu kidogo kidogo miaka kumi, akaandika waliopona na wasiopona pia (si desturi ya kila tabibu!), akatoa kitabu chake mwaka 1785. Aliona mkojo ukitoka kwa wingi na uvimbe ukishuka. Aliona pia kwamba dawa ile ina amri juu ya mwendo wa moyo. Mwaka 1930 digoksini ilipatikana katika mmea wa jamii hiyo, na hata leo baadhi ya wagonjwa wa moyo hupewa, kwa kipimo kidogo sana.