Maneno ya faraja kwa aliyepatwa na kiharusi

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, mwaka juzi, baada ya sala ya Alfajiri, nilinyoosha mkono wa kulia kuchukua msahafu, mkono ukakataa. Nilitaka kumwita mke wangu, ulimi ukatoa sauti isiyokuwa neno. Alipouona mdomo wangu umepinda hakungoja kupambazuke. Alimgongea jirani mwenye gari, nikafikishwa hospitali. Nilikuwa nimepatwa na kiharusi, maradhi ambayo katika vitabu vyetu vya Kiarabu huitwa faliji.

Maradhi haya hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba au kwa mshipa kupasuka. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu walio wengi ndio pia makao ya usemi. Ndiyo maana mtu aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Hayo ndiyo yaliyonifika. Mimi niliyesomesha watoto matamshi ya herufi kwa zaidi ya miaka thelathini, nilionyeshwa kijiko nikashindwa kukitaja jina.

Neno lililonichoma

Wageni walikuja kwa wingi, Mwenyezi Mungu awalipe. Karibu kila mmoja alinipa neno moja: "Shehe, subira ni ufunguo wa faraja." Nakiri mbele yenu kwamba katika wiki zile za mwanzo neno hilo lilinichoma. Aliyelisema alikuwa akiniaga na kuondoka kwa miguu yake miwili, nami nikibaki nikisubiri kugeuzwa kitandani. Nilikuwa nimelitamka neno hilo hilo kwa mamia ya wagonjwa. Sikujua uzito wake mpaka nilipolipokea nikiwa nimelala.

Mambo yalianza kubadilika siku moja nilipopiga chafya. Kabla sijafikiri, "Alhamdulillahi" ilitoka nzima, kila herufi mahali pake. Mke wangu akaangua kilio. Mtaalamu wa matamshi alitueleza kuwa hili si jambo geni. Maneno ambayo mtu ameyahifadhi tangu utotoni, kama dua, kuhesabu na nyimbo, mara nyingi husalia hata pale anaposhindwa kuunda sentensi mpya. Tangu siku hiyo mke wangu akawa ananianzishia Suratul Fatiha, nami namalizia ninapoweza. Kisha tukaingia kwenye methali: yeye anasema "haba na haba", mimi najitahidi kusema "hujaza kibaba".

Mjukuu wangu akaziandika methali hizo kwenye karatasi na kuzibandika ukutani mbele ya kitanda changu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipoiona ile ya kibaba, alileta bakuli mbili na kunde. Akaniagiza nihamishe punje mojamoja kwa mkono uliopooza. Siku ya kwanza nilihamisha tatu. Baada ya miezi minne nilimaliza bakuli nzima. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba neno la faraja hufaa linapomwonyesha mgonjwa kazi ya kufanya leo. Ubongo, kwa uwezo wa Mola, hujifunza upya kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi.

Kisa cha Aban

Katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi kimepokewa kisa cha Aban, mtoto wa Khalifa wa tatu, Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.). Aban alikuwa akisimulia, kutoka kwa baba yake, hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu dua ya kinga inayosomwa mara tatu asubuhi na jioni. Naye wakati huo alikuwa amepatwa na faliji. Mtu mmoja miongoni mwa wasikilizaji akamkodolea macho, kana kwamba anauliza: mbona wewe haikukukinga? Aban alimjibu kuwa hakumsingizia baba yake, wala baba yake hakumsingizia Mtume. Siku ile ilipomfika alikuwa ameghadhibika, akasahau kuisoma, ili makadirio ya Mwenyezi Mungu yapite.

Tazameni adabu ya mgonjwa huyu. Hakuona haya kuonekana na maradhi yake, hakumlaumu jirani wala mchawi, na hakuacha kufundisha. Neno alilolipokea kwa baba yake aliendelea kulifikisha ilhali mwili wake ulimpa mtazamaji sababu ya kulitilia shaka.

Kwenu wenye kuuguza

Subira haina maana ya kukaa kimya na kungoja. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta tiba. Mkiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno yanaburuzika ghafla, kimbilieni hospitali saa ile ile, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huwa na faida katika saa chache za mwanzo tu. Msiipoteze fursa hiyo kwa kumtafuta aliyeroga. Visomo na dua ni haki, navyo haviizuii gari kuondoka. Na aliyepewa dawa za shinikizo la damu asiziache kwa kuwa amejisikia nafuu.

Mgonjwa akitafuta neno, mngojeeni alipate, msimmalizie kwa haraka. Msizungumze habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Mkimwona amejitenga, hali, halali na anatamani mauti, msimwambie imani yake imepungua. Huzuni nzito huwapata karibu theluthi moja ya waliopatwa na kiharusi, nayo ina matibabu, basi mwambieni daktari.

Mwelezeni pia wepesi wa dini yake. Asiyeweza kusimama ataswali amekaa, na asiyeweza kukaa ataswali amelala ubavu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza sahaba Imran bin Huswain (R.A.). Mwambieni kwamba mgonjwa huandikiwa mfano wa mema aliyokuwa akiyatenda katika uzima wake, na kwamba anayesoma Qur'ani kwa tabu, ulimi ukikwama, ana ujira mara mbili. Hadithi hii ya mwisho nilikuwa nikiwasomea watoto wa madrasa wanaojikwaa. Sasa naisoma kwa ajili yangu.

Leo natembea kwa mkongojo, na makala hii nimeitamka polepole, mjukuu wangu akiiandika. Baadhi ya maneno bado hunikimbia. Siku hizi nikienda kumzuru mgonjwa siharakishi kusema "subira". Huketi kwanza, nikamshika mkono ule uliopooza, na neno likaja baadaye.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape nguvu wanaowauguza, na uzifanye ndimi zetu ziwe za faraja kwa waja wako. Amin.