Breki Mpya, Gari la Zamani: Hesabu ya Mteremko wa Bugando

Land Rover Series III fupi, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ina ngoma za breki kwenye magurudumu yote manne, na kila ngoma ina viatu viwili. Ukibadilisha breki zote unanunua viatu vinane. Hesabu hiyo kila mwenye gari Mwanza anaijua, kwa sababu inalipiwa dukani. Inayosahaulika ni ya kuzizoesha breki mpya, yaani kuzisugua taratibu hadi viatu vikae sawasawa na ngoma.

Kiatu kipya hakikai sawasawa ndani ya ngoma kuukuu. Fungua ngoma baada ya mwendo mfupi utaona mabaka machache yaliyosuguka, kwingine kiatu kikiwa kama kilivyotoka kwenye boksi. Mabaka hayo ndiyo yanayobeba joto lote.

Gari likiwa na dereva na mzigo kidogo, tulikadirie kilo 1,500. Kulisimamisha kutoka kilomita 50 kwa saa huzalisha kilojuli 145 za joto. Kutoka 80 ni 370, zinazotosha kuchemsha lita nzima ya maji ya ziwa. Kutoka 100 ni 580: mwendo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne.

Sasa njoo kwenye vilima vya Mwanza, kama Bugando na Isamilo. Ukishuka mita 10 za kimo kwa kutegemea breki peke yake, unazipa kilojuli 147, sawa na kusimama mara moja kutoka 50. Mita 50 ni kusimama mara tano bila kupoa. Hapo uso wa kiatu kipya huungua, ukang'aa na kuteleza. Mafuta ya breki nayo yana mpaka: DOT 3 mapya huchemka kwenye nyuzijoto 205, yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140.

Kwa hiyo, fundi akishamaliza kutoa upepo kwenye breki, tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 mara kumi, bila kufunga magurudumu, na kila baada ya kupunguza endesha nusu dakika bila kugusa pedeli. Ni kama kilomita 6, na petroli isiyozidi lita 2. Ukiihesabu lita kwa Sh3,000, haizidi Sh6,000.

Kabla ya kulipa, muulize fundi breki zimezoeshwa wapi. Kama hazijazoeshwa, usipandishe gari Bugando wala Isamilo siku hiyo.