Jua la Muscat Lilinipoza

Kama umekulia Katoro, kwenye machimbo yetu ya dhahabu Geita, hii unaijua: jamaa analala njaa Jumatatu, Ijumaa anainunulia baa nzima, Jumapili yuko tena machimboni anakopa hata maji ya kunywa. Mimi ni wa humohumo. Nilianza kuzama duarani Nyarugusu nikiwa dogo kabisa, na kitu cha kwanza nilichojifunza ni pupa. Ukisikia rashi, yaani dhahabu mpya, imelipuka Rwamgasa, unabeba nyundo na moko unasepa usiku huohuo, maana ukichelewa siku mbili unakuta eneo lote limeshikwa.

Watu wanadhani machimbo yanafundisha subira. Wale wana watano wa Nyangalata kule Kahama, waliofukiwa mwaka 2015 wakatolewa hai baada ya siku 41, hao sawa, nawavulia kofia. Sisi wengine tulikuwa tunangoja zali tu. Asubuhi unaamka una mzuka, jioni pointi zako mbili za dhahabu zimeliwa na madeni, unamaindi dunia nzima.

2021 nikapata mchongo wa Oman, nikakwea pipa. Hesabu yangu ilikuwa fupi: miezi sita, narudi na mkwanja wa kufungua plenti ya kuchenjua marudio, ule mchanga wa dhahabu uliokwisha kusagwa. Wanangu, kadi ya ukaazi peke yake niliingoja wiki saba! Kazi yenyewe ilikuwa stoo ya vifaa vya ujenzi maeneo ya Ghala, Muscat, kubeba marumaru na saruji. Mshahara riali 120, na riali moja wakati ule ilikuwa kama sh 6,000. Kilichonidatisha ni kwamba hakuna rashi. Beba marumaru mpaka mgongo ulie, mwisho wa mwezi ni zilezile 120.

Halafu Juni ikaingia. Nyuzi 45. Kule kuna sheria, Juni mpaka Agosti kazi za juani zinasimama kuanzia saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30. Masela wa Kihindi na Kipakistani wanajilaza kivulini chini ya lori, wanakoroma kabisa. Mimi nazunguka uani nawaka, naona masaa matatu yangu yanaibwa.

Kuna mzee alikuwa anakuja kuchukua mzigo, Mwomani, ila Kiswahili chake cha Unguja kimenyooka kuliko changu. Familia yake iliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, wakaja kuingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Watu wa namna yake wapo wengi pale Muscat. Siku moja nikampa shikamoo huku nimenuna.

"Marahaba. Mbona wahangaika hivyo, kijana? Kaa kitako. Jua hili halisukumwi."

Akanipa tende mbichi, laini, bado zina joto la mtini. "Unalitukana, na ndilo linaloziivisha hizi."

Nikakaa. Natafuna, namkumbuka maza. Kila kiangazi alikuwa anakata viazi vitamu, anaanika michembe juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na mimi namzingua: si uuze vibichi tupate hela leo? Yeye anakausha tu, anageuza vipande vyake. Januari njaa ikigonga, wa kwanza kuzamisha mkono kwenye kihenge ni mimi. Sikumbuki kama niliwahi hata kumwambia asante.

Yale masaa matatu nikaanza kukaa na mshikaji mmoja wa Kipakistani, akanielekeza foklifti kidogokidogo, maneno tunayaungaunga na vidole. Mwaka wa pili nikawa naiendesha mimi, mshahara ukapanda mpaka 170. Hasira zikapungua zenyewe. Nikaanza kupenda hata ile safari ya alfajiri kwenda mzigoni, milima inageuka rangi, watu kumi ndani ya gari kila mmoja anampigia mama yake kwa lugha yake.

Ila nisikupambe. Kuna dada zetu wanaoteswa ndani ya majumba huko Ghuba, na kumwambia mtu wa hivyo avumilie ni dhambi. Akinyang'anywa pasipoti, akinyimwa mshahara, asingoje tende ziive. Ubalozi wetu upo Muscat, akimbilie huko.

Sasa hivi niko Katoro, plenti bado, nina karasha moja ya kusaga mawe. Jana umeme umekatika saa nne asubuhi, foleni ndefu, dogo mmoja mwenye viroba vitatu vya mawe akanivaa: "Bro, unazingua! Kuna mtu ananidai, ananisubiri!" Nilijiona mimi kabisa, yule wa 2021. Nikamgeuzia ndoo akae, nikachomoa mfuko wa michembe ya maza, nikamwekea kiganjani. Akatafuna amenuna. Baadaye akaniuliza hivi vitu vinakaa muda gani bila kuharibika.